Namna ya kujenga sukka na kukaa ndani yake: sheria za kibanda na maana ya mahali

Sikukuu ya Vibanda huanza jioni ya kuamkia tarehe 15 ya mwezi wa Tishri, siku tano baada ya Siku ya Upatanisho, katika Septemba au Oktoba. Kwa siku saba Myahudi anayeshika Torati huhamia katika kibanda kiitwacho sukka. Amri yenyewe iko katika Walawi 23, nayo ni fupi: wana wa Israeli wakae vibandani siku saba, ili vizazi vyao vijue kwamba Mungu aliwakalisha vibandani alipowatoa Misri. Aya hizo hazisemi kibanda kiwe na kimo gani, kiwe na kuta ngapi wala kiezekwe kwa nini. Hayo yalifafanuliwa na marabi katika Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, na baadaye katika Talmudi, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, nao waliyapima kwa viganja na dhiraa kwa uangalifu mkubwa.

Wapo wanaovipita haraka vipimo hivyo ili wafike kwenye mafundisho ya moyo. Mimi naona njia hiyo haifiki mbali. Maana ya kiroho ya sukka imo ndani ya vipimo vyenyewe, na atakayeijenga huku akijua kwa nini kila kipimo kimewekwa atakuwa amesoma somo zima kwa mikono yake. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kazi hatua kwa hatua, tangu kutafuta mahali hadi siku ya kubomoa. Anayejenga ili kutimiza amri amwendee rabi wa jumuiya yake penye shaka, kwa kuwa desturi za Ashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) na za Sefardi (wenye asili ya Hispania) hutofautiana katika mambo kadhaa.

Kutafuta mahali

Kabla hujanyanyua ubao wowote, tazama juu. Sharti la kwanza ni anga tupu. Mishna inasema kwamba anayejenga sukka yake chini ya mti ni kama aliyeijenga ndani ya nyumba. Vivyo hivyo baraza yenye paa, au roshani ya jirani inayotokeza juu ya roshani yako, hubatilisha kibanda kilicho chini yake hata kama chenyewe hakina kasoro yoyote. Katika mitaa ya Wayahudi wa dini mjini Jerusalem utaona majengo ya ghorofa ambayo roshani zake zimepishanishwa, moja ikiwa kulia na inayofuata kushoto, ili kila familia ipate kipande chake cha anga kwa ajili ya juma hili la mwaka.

Ukishapata anga, uliza ardhi ni ya nani. Sukka ya kuazima inafaa, kwa kuwa Talmudi imesoma katika Walawi kwamba Israeli wote wanastahili kukaa katika sukka moja. Sukka ya wizi haifai. Hata njia ya watu wote si mahali pa kujichukulia bila idhini. Talmudi inasimulia habari ya mwanamke mzee aliyemwendea mwanazuoni Rav Nachman akipiga kelele kwamba mkuu wa Wayahudi wa Babeli na wanazuoni wote waliokuwa kwake walikuwa wamekaa katika sukka iliyojengwa kwa mbao alizoibiwa. Rav Nachman hakumjali. Mama yule akasema kwamba analia binti wa mtu aliyekuwa na watumishi 318, yaani Ibrahimu, wala hawamsikilizi. Jibu la kisheria lilikuwa kwamba anachostahili ni kulipwa thamani ya mbao zake, kwa kuwa kanuni haimlazimishi mtu kubomoa kilichokwisha kujengwa. Hukumu ilibaki hivyo, lakini wahariri wa Talmudi hawakukifuta kilio chake, na nadhani kila mwenye kujenga sukka anapaswa kukisikia kabla hajagongomea msumari wa kwanza. Mahali hapageuki kuwa pa Mungu kwa kumnyang'anya mtu.

Kimo, upana na kuta

Vipimo vikuu ni vitatu. Kwa ndani, sukka isipungue viganja saba kwa saba, yaani eneo linalotosha kichwa cha mtu, sehemu kubwa ya mwili wake na meza yake. Kimo kisipungue viganja kumi. Kisizidi dhiraa ishirini. Kiganja kimoja huhesabiwa kuwa kati ya sentimita 8 na karibu 10 kutegemea mwanazuoni anayefuatwa, na dhiraa ni viganja sita; basi kimo cha chini kabisa ni kati ya sentimita 80 na 96 hivi, na cha juu kabisa ni kati ya mita 9.6 na 11.5. Katika kazi yako hutaikaribia mipaka hiyo. Kibanda cha familia cha mita mbili na nusu kwenda juu kimo katikati kwa usalama. Lakini sababu za mipaka hiyo ndizo zenye utajiri.

Tuanze na viganja kumi. Talmudi inauliza kipimo hiki kilitoka wapi, na jibu lake halihusu ujenzi. Sanduku la Agano lilikuwa na kimo cha dhiraa moja na nusu, ambazo ni viganja tisa, na juu yake kilikuwapo kifuniko chenye unene wa kiganja kimoja. Jumla ni kumi. Katika Kutoka 25 Mungu anamwambia Musa kwamba atasema naye kutoka juu ya kifuniko hicho. Rabi Yose alifundisha kwamba Uwepo wa Mungu haukushuka kamwe chini ya viganja kumi kutoka ardhini, wala Musa na Eliya hawakupanda mbinguni kabisa. Ndani ya viganja kumi vya kwanza ni eneo la binadamu. Juu ya hapo ndipo Uwepo hukutana naye. Ukuta wa sukka ukifika kimo hicho, umechora nafasi kamili ya dunia ambayo juu yake mbingu inaweza kutua. Pima kimo hicho kwa kamba, uweke alama ya chaki kwenye nguzo, kisha utazame inafika wapi: kwa mtu mzima ni karibu na kiuno. Nafasi ndogo kiasi hicho inatosha.

Kwa nini isizidi dhiraa ishirini? Wanazuoni watatu walijibu kwa namna tatu. Rabbah alisema kwamba paa likiwa juu kupita kiasi jicho halilioni, na asiyeliona hajui kwamba amekaa katika sukka, ilhali aya inasema "ili wajue". Rabi Zeira alisema kwamba katika jengo refu mno mtu hukaa katika kivuli cha kuta, si cha paa. Rava alisema kwamba Torati imetaka makao ya muda, na jengo la kimo hicho haliwezi kusimama bila misingi ya kudumu. Majibu hayo yakiunganishwa, paa la sukka ni lazima lionekane, litie kivuli na lisitegemee nguvu ya mjenzi. Haikuwa nadharia tupu: Talmudi inamtaja Malkia Helene, aliyekuwa na sukka iliyopita dhiraa ishirini huko Lodi, na wazee wakiingia na kutoka bila kumwambia neno, marabi walijadiliana sana ukimya huo ulimaanisha nini.

Kuhusu kuta, sheria inalegea kwa namna inayoweza kukushangaza. Zinatakiwa mbili kamili, na ya tatu hata ikiwa na upana wa kiganja kimoja tu, ikiwekwa kwa utaratibu maalumu ambao rabi atakuonyesha. Ukiweza, jenga kuta tatu kamili au nne. Unaweza kutumia mbao, matofali, ukuta wa nyumba, bati au kioo. Talmudi inajadili hata tembo aliyefungwa imara asimame badala ya ukuta. Kinachotakiwa ni uimara mbele ya upepo wa kawaida wa mahali pale. Ndiyo maana turubai na mapazia yanayopepea huleta shaka. Ukiyatumia, funga kwanza kamba za mlalo kuizunguka sukka kuanzia chini hadi kimo cha viganja kumi, ukiacha chini ya viganja vitatu kati ya kamba na kamba, yaani kama sentimita 20 hivi ili uwe na hakika. Pengo lililo chini ya viganja vitatu sheria hulihesabu kuwa limezibwa. Vivyo hivyo ukuta wa viganja kumi usiofika kwenye paa huhesabiwa kana kwamba umeendelea kupanda hadi juu. Katika mafundisho ya kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, yanayotokana na Rabi Isaac Luria wa Safed, aliyefariki mwaka 1572, kuta mbili na kiganja cha tatu hufananishwa na mkono uliopindwa kumkumbatia mtu: sehemu ya bega hadi kiwiko, ya kiwiko hadi kifundo, kisha kiganja. Mkono unaokumbatia haufungi pande zote, na sheria haikutaka ufunge.

Paa

Ulegevu wa kuta unaishia hapa. Paa ndilo sukka yenyewe, na ukikosea hapo, kuta nzuri hazitakuokoa.

Ezeko litimize masharti matatu: liwe kitu kilichoota ardhini, kiwe kimekwisha kukatwa kutoka kwenye shina lake, na kisiwe kitu kinachoweza kupokea unajisi wa kisheria. Sharti la tatu linaondoa vyombo, nguo, vyakula na vitu vya metali, yaani karibu kila kitu ambacho mkono wa binadamu umekifanya kiwe cha matumizi yake. Matawi yenye majani, mianzi, matete na makuti mabichi ya mnazi yanafaa. Mkeka uliosukwa ili ulaliwe haufai, ijapokuwa umetokana na ukindu ule ule. Mbao pana za viganja vinne zilikatazwa kwa sababu ndizo za dari za nyumba. Katika Afrika Mashariki mtu anaweza kuvutiwa na majani ya mgomba kwa upana wake. Ayatazame kwa uangalifu, kwa maana yanaposinyaa juani kivuli hupungua, na paa lililofaa Jumatatu laweza kuwa limeharibika Alhamisi. Matawi yenye harufu mbaya au yanayopukutisha majani mezani yaepukwe pia, kwa sababu yatamfukuza mtu kibandani.

Masharti haya yanatoka wapi? Rabi Shimon ben Lakish alisoma Mwanzo 2:6, penye ukungu uliopanda kutoka katika nchi: kama ukungu unavyotoka ardhini wala haupokei unajisi, ndivyo na ezeko. Mwingine alisoma Kumbukumbu la Torati 16:13, panapotajwa kukusanya mavuno kutoka kwenye sakafu ya kupuria na shinikizo, akaona kwamba sukka hutengenezwa kwa masalio ya mavuno, mabua na matawi yanayobaki chakula kikishaondolewa. Hebu fikiri hali ya mkulima. Ni wakati ambao ghala limejaa, na Torati inamwambia achukue kile ambacho asingekihesabu kuwa mali, akiweke juu ya kichwa chake, akae chini yake kwa siku saba. Mwanazuoni Musa ben Maimon, aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliandika kwamba mtu anapaswa kukumbuka siku za dhiki katika siku za raha. Sheria ya ezeko inamlazimisha kukumbuka kwa kumnyima paa alilolizoea.

Utaratibu wa kuezeka nao una sheria yake. Simamisha kuta kwanza, kisha ezeka. Weka juu ya kuta vipande vya mbao ambavyo havikuwa sehemu ya chombo, ndipo ulaze matawi juu ya mbao hizo; epuka kuyalaza moja kwa moja juu ya mabomba ya chuma au kuyafunga kwa waya. Paa lisiwe kitu kilichokuwapo tayari: ukiutambaza mzabibu ungali umeshikamana na mizizi yake juu ya kibanda, hujaezeka, na hata ukiukata baadaye ni lazima uyanyanyue matawi na kuyalaza upya ili tendo la kuezeka liwe lako. Mahali patakatifu pa namna hii hapapatikani kwa bahati, hutengenezwa kwa kusudi.

Kisha pima kivuli. Simama ndani saa sita mchana utazame chini. Kivuli kikizidi mwanga wa jua sakafuni, sukka inafaa. Jua likizidi, haifai. Usiache pengo tupu lenye viganja vitatu. Kwa upande wa pili, usiezeke kwa unene kupita kiasi. Rabbenu Tam wa Ufaransa, katika karne ya 12, alishikilia kwamba ezeko lisilopitisha mvua limekuwa paa la nyumba, na kwa sababu hiyo paa la makuti yaliyosukwa na kupangwa kama ya nyumba za pwani, ambalo hata mvua ya masika hailipenyi, halifai. Desturi nzuri ni kuacha nafasi ya kuonea nyota usiku. Paa la sukka linatakiwa likukinge kiasi tu: likupe kivuli bila kukutenga na aliye juu.

Hapa ndipo mzozo mashuhuri wa Rabi Eliezer na Rabi Akiva unapoeleweka. Rabi Eliezer alisema kwamba vibanda vya jangwani vilikuwa mawingu ya utukufu yaliyowafunika Waisraeli. Rabi Akiva alisema vilikuwa vibanda hasa, vya kawaida. Rabi Yosef Karo, katika kitabu chake cha sheria cha karne ya 16, alifuata kauli ya mawingu. Binafsi naona kwamba ezeko linabeba kauli zote mbili bila kulazimishwa: ni tawi kavu ambalo upepo waweza kulichukua, na ni kivuli ambacho mtu hakukitengeneza kwa ustadi wake.

Kuhamia

Sukka iliyokamilika bado haijatimiza amri mpaka ikaliwe. Kanuni ni kwamba mtu akae ndani yake kama anavyokaa nyumbani: kwa siku saba aifanye sukka kuwa makao yake ya kudumu na nyumba kuwa ya muda. Peleka vyombo vizuri na matandiko mazuri, si masufuria yaliyotoboka. Mlo wenye mkate huliwa humo. Matunda na maji yanaweza kuliwa nje. Usiku wa kwanza ni wajibu kula mkate humo, angalau wa kiasi cha zeituni, baada ya baraka juu ya divai, baraka ya kukaa katika sukka na baraka ya kumshukuru Mungu aliyetufikisha wakati huu. Kulala ni humo pia, na wagonjwa pamoja na wanaowahudumia wamesamehewa. Mishna haiwalazimishi wanawake amri hii, ingawa wengi hukaa katika sukka na kupata fungu lao.

Sukka haiwekwi mezuza, yaani karatasi ya aya za Torati inayobandikwa kwenye miimo, mlangoni, kwa kuwa ni makao ya muda. Hata hivyo Rabi Yehuda ben Beteira alifundisha kwamba kama jina la Mbingu linavyokaa juu ya sadaka ya sikukuu, ndivyo linavyokaa juu ya sukka, na kwa hiyo matawi na mbao zake havitumiwi kwa shughuli nyingine siku zote saba. Tawi lililoanguka mezani halichukuliwi kuchochea moto. Mapambo nayo yanaachwa mahali pake, isipokuwa kama mwenyewe ameweka sharti kabla ya sikukuu kuanza. Juma lililotangulia ilikuwa taka ya shambani, na juma lijalo itakuwa taka tena. Utakatifu wake umetokana na matumizi na wakati.

Mvua ikinyesha hata kuharibu uji ulio mezani, inaruhusiwa kuingia nyumbani. Sheria hii inawagusa kwa karibu Wayahudi wa Nairobi, ambao jumuiya yao ilianzishwa mwaka 1904, na Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi ya karibu na Mbale nchini Uganda, ambao imani yao ilianza na Semei Kakungulu mwaka 1919, kwa sababu sikukuu huweza kuwaangukia katika majira ya mvua. Mishna inaifananisha mvua hiyo na mtumishi aliyekuja kumjazia bwana wake kikombe, bwana akammwagia mtungi usoni. Inaumiza, lakini usijifanye shujaa. Aliyesamehewa akang'ang'ania kukaa katika mvua hapati thawabu, na wanazuoni walimwita mtu asiye na elimu. Amri ilikuwa kukaa kama nyumbani, na hakuna anayekaa nyumbani kwake akilowa. Kuhusu upepo, Rabi Akiva aliwahi kujenga sukka juu ya merikebu, na asubuhi yake upepo ukaing'oa, Rabban Gamliel akamwuliza, "Akiva, iko wapi sukka yako?" Talmudi haisemi kwamba alikosea kuijenga.

Wageni

Kila jioni hukaribishwa wageni saba wa imani: Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Musa, Haruni, Yusufu na Daudi, mmoja akiongoza kila siku. Desturi hii inatoka katika Zohari, kitabu kikuu cha kabala, ambacho kinaongeza sharti zito: fungu la chakula la wageni hao ni la maskini, na anayewaita mababa bila kumlisha mwenye njaa hawamfikii. Musa ben Maimon alikuwa mkali zaidi: afungaye milango ya ua wake akala na kunywa na mkewe na watoto wake bila kuwalisha maskini, hiyo si furaha ya amri, bali ni furaha ya tumbo lake. Basi kabla ya kupanga viti, hesabu nafasi ya asiye wa nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni asiye Myahudi hukaribishwa pia, na sikukuu yenyewe ina nafasi yake: katika Hekalu walitolewa ng'ombe 70 kwa siku saba, ambao Talmudi inasema walikuwa kwa ajili ya mataifa 70 ya dunia, na Zekaria 14 inayaona mataifa yakipanda Jerusalem kusherehekea Vibanda. Ukialikwa, kaa, kula na usikilize baraka. Usichume chochote kilichotundikwa kwenye paa, hata komamanga likikuangalia usoni, kwa sababu uliyoisoma hapo juu.

Kubomoa

Siku ya saba, hata mlo wa mwisho ukiisha, usiibomoe. Mishna inaruhusu kuanzia alasiri kuteremsha vyombo na kuviingiza nyumbani kwa heshima ya sikukuu inayofuata, ya siku ya nane, lakini kibanda kinabaki kimesimama, na nje ya nchi ya Israeli wengi hula ndani yake hata siku ya nane, bila baraka ya sukka. Sikukuu ikipita, ondoa ezeko kwanza, kisha kuta. Yale matawi hayana tena katazo la matumizi, lakini usiyatupe jalalani penye uchafu wala kuyakanyaga. Wengine huyaweka kando yakauke, wakayachoma baadaye. Funga mbao pamoja, andika kwenye kila nguzo ilikosimama, na uziweke mahali pakavu, kwa maana ni desturi kuanza kazi ya sukka ya mwaka ujao usiku ule ule mfungo wa Siku ya Upatanisho unapomalizika.